Mambo ya kuzingatia kabla ya masika: maji, moshi na dawa ya kupulizia

Dar es Salaam masika huanza Machi, kwa hiyo mwezi wa pili ndio wa kujipanga. Mvua ikishashika kasi, mitaro imeziba na mbu wamejaa, watu hukimbilia dawa ya kuchoma na chupa ya dawa isiyo na lebo, kisha nyumba nzima inalala ndani ya moshi. Binafsi sioni kwa nini mbu na moshi vizungumziwe kwenye vikao viwili tofauti. Kopo lisilozolewa litakusanya maji na kuzaa mbu, au litachomwa moto na sisi tuvute moshi wake.

Anza na maji, tena yaliyo ndani ya uzio wako. Mbu wa dengue, yule mwenye madoa meupe miguuni, hana haja na bwawa. Anataka maji kidogo yaliyotulia: tairi, kifuu cha nazi, kopo la rangi, kisahani cha chini ya ua, pipa lisilo na mfuniko. Anang'ata mchana, zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Dengue ilitutesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Chukua dumu lililokaa na maji, utazame ukuta wake wa ndani pale maji yanapoishia. Ukiona vidoa vyeusi vidogo vimejipanga kama unga wa mkaa, huenda ni mayai yake. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri kulowa. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi: sugua ukuta wa chombo kwa brashi na sabuni, suuza, kisha kifunike au kilaze kifudifudi. Kwa joto letu, yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Chagua siku moja ya juma, ile ile kila juma, ya kusugua vyombo vya maji. Tenki la juu nalo lipandiwe. Mfuniko uliopasuka wavu mwembamba unautosha.

Chooni na kwenye chemba kuna mbu mwingine, anayependa maji machafu, na ndiye anayeeneza matende na mabusha hapa pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Makunduchi, Unguja, walimwaga punje nyeupe za povu la plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo, zile zile zinazotumika kutengenezea vifungashio. Punje zikaelea na kuufunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Watu walipewa pia dawa ya kumeza, na maambukizi yakashuka sana. Wewe huenda huna punje, lakini ufa wa chemba unazibika kwa saruji kidogo, na bomba la hewa la choo linavikwa wavu.

Mitaro ya mtaa na mabwawa ya bustani za mboga bondeni ni kazi ya pamoja. Jiji lilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini mwaka 2004, na mwaka 2006 likaanza kumwaga dawa ya kuua viluwiluwi; Kibaha nako kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Dawa yake ni bakteria: kiluwiluwi akiila inamuua tumboni, na mtu haimdhuru. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa au afisa afya wa kata kama mtaa wenu umo kwenye ratiba, na muulize mapema, kabla mitaro haijajaa.

Sasa taka. Ukishasafisha uwanja utabaki na lundo, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika, kwa sababu mtu anawasha kiberiti. Wengi huchoma alfajiri baada ya kufagia, saa mbaya kuliko zote. Hewa ya chini bado ni ya baridi na haipandi, hivyo moshi unatambaa usawa wa madirisha wakati watoto wanajiandaa kwenda shule. Ndani yake mna chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Plastiki na mpira vikichomwa huongeza sumu nyingine juu yake. Tairi ndilo lisichomwe kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujashika fagio, jua lundo litakwenda wapi. Ulizia siku ya gari la taka au elewana na mwenye guta. Chupa za plastiki na vyuma tenga kando, kuna wanaovinunua kwa kilo. Majani na maganda chimbia shimo. Tairi ambalo halina pa kwenda litoboe matundu chini au lijaze mchanga.

Ndani ya nyumba, tahadhari na dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wa aina kadhaa za dawa hizo. Kiringi kimoja kikiungua chote kilitoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Mtoto mchanga, mjamzito au mwenye pumu asilazwe nacho chumba kimefungwa. Shona chandarua kilichotoboka na weka wavu madirishani. Ukilazimika kuchoma, choma barazani.

Dawa ya kupulizia ije mwisho. Nunua iliyosajiliwa, yenye lebo inayosomeka; kwa Tanzania bara, viuatilifu vinasimamiwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Inayouzwa kwa kumiminiwa kwenye chupa ya soda kwa ajili ya kunguni na mende, iache. Huijui nguvu yake, na mtoto ataiona ni soda. Usichanganye dawa mbili ukidhani utazidisha ukali. Kabla ya kupuliza toa chakula, vyombo, maji ya kunywa na nguo za mtoto, zima moto wote, na mpeleke mwenye pumu kwa jirani akiwa na dawa yake ya kuvuta. Watu wote wakae nje kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Kwa dawa ya ukutani, zisipungue saa mbili. Mkirudi, fungueni milango na madirisha kwanza, mfagie wadudu waliokufa na kuwatupa chooni kabla kuku hawajawadonoa. Ukuta uliopuliziwa dawa ya malaria usioshwe wala kupakwa rangi.

Mtu akimeza dawa, usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mpeleke hospitali haraka na ubebe chupa yenyewe, kwa sababu daktari anahitaji kujua ni sumu gani.

Na homa ikiingia nyumbani, kapime malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria wakati dengue imetajwa mtaani, tumia parasetamo na maji mengi; aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Tumbo likiuma sana, matapishi yakikataa kukoma au fizi zikitoa damu, rudi hospitali, hata kama homa yenyewe imeshashuka.