Namna ya Kumrejesha Shuleni Binti Aliyejifungua, kwa Wazazi wa Tanga

Mzazi wa Jiji la Tanga ambaye binti yake alikatiza masomo kwa sababu ya ujauzito aanze kwa mkuu wa shule, akiwa na barua ya maombi katika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa naye abaki nayo. Barua itaje Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ulioruhusu wanafunzi hawa kurejea katika mfumo rasmi. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi (jibu la mlangoni ni vigumu kulithibitisha baadaye), kisha aende kwa Afisa Elimu Kata na, ikibidi, halmashauri.

Wengi walifukuzwa kwa kanuni za mwaka 2002 kuhusu makosa ya maadili. Hata hivyo, mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ikiamua shauri lililofikishwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana hao. Uamuzi huo utajwe katika malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hatua ambayo ningeitanguliza kabla ya mahakama.