Kabla hujaingia kidato cha tano na Biolojia yako

Majina ya kidato cha tano yakishatoka, Tanga nzima inajaa madaktari. Ukipita Ngamiani unasikia "mwanangu kapata PCB" (Fizikia, Kemia na Biolojia), ukifika Chumbageni "wa kwangu CBG" (Kemia, Biolojia na Jiografia), na baba wa watu ameshaanza kuulizia bei ya tranka. Hongereni. Sasa kaeni niwaambie, maana mimi niliingia na A yangu ya kidato cha nne, kifua mbele, na kufika likizo ya kwanza kifua kilikuwa kimesharudi mahali pake.

Vya kununua havina hadithi. Penseli za HB tatu, kifutio laini, rula, koti jeupe, glavu za duka la dawa, na ukijaliwa, seti yako mwenyewe ya kupasulia: mkasi wenye ncha, kibano, kisu kidogo na pini. Kalamu za rangi waachie wadogo zako. Daftari la kaka yako lipokee kwa shukrani, kisha muulize mwalimu mada za mtaala unaotumika sasa ndipo ulifungue. Mitaala hubadilika, na hakuna uchungu kama kupiga msuli wa mwezi mzima kwenye mada isiyotoka.

Majina ya kisayansi yanataka adabu yake: la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, na ukiandika kwa mkono unapiga mstari chini ya kila neno peke yake. Ni alama za bure na watu wanazitupa kila mwaka.

Lugha. Wengi wetu tulimaliza la saba kwa Kiswahili, tukavumilia miaka minne ya Kiingereza kwa kukariri, na kidato cha nne mbinu hiyo hubeba. Kidato cha tano haibebi, kwa sababu swali halikuulizi tena seli ina nini. Linakuuliza kwa nini chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu inapasuka na seli ya jani haipasuki. Hapo aya uliyoimeza inakwama kooni. Dawa yangu ilikuwa kumweleza mama kwa Kiswahili wakati anakuna nazi. Maji yanaingia huku na huku, nikamwambia, ila seli ya jani ina ukuta mgumu unaoibana isiendelee kuvimba. Akiniuliza "ukuta wa nini tena?" nami nikababaika, najua sijaelewa, narudi kitabuni. Kiingereza unakivisha baadaye.

Mifano nayo. Kila mtahiniwa akifika kwenye mageuzi ya viumbe anaandika nondo wa Uingereza, ambao weusi walizidi kuwa wengi kwa sababu ya moshi wa viwanda. Waandike, hakuna kosa. Lakini wewe unaishi Tanga! Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria, alikuja kuonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wetu hapa wamemnasa mara nyingi kwenye nyavu zao, hadi mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Ukitaka kuelewa mimea inayoishi kwenye chumvi, subiri maji yapwe ushuke kwenye mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, umechomoza vijizizi juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, kwa sababu tope lile halina hewa ya kutosha na mzizi nao unahitaji kupumua. Mkoko wenyewe umesimama kwenye mizizi kama magongo, na mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia mtini. Ukishaliona hilo kwa macho yako hulisahau, hata usiku wa kuamkia mtihani. Nenda na mwenzako tu, na ujue maji yanajaa saa ngapi.

Kwenye maabara ya vyakula utaambiwa iodini hugeuka bluu-nyeusi palipo na wanga, na dawa ya kupimia sukari iitwayo Benedict ikipashwa moto hutoa mashapo mekundu kama tofali palipo na sukari kama glukosi. Hilo unalijua tangu zamani. Wanapojikwaa watu ni kwenye sukari ya kawaida ya chai: Benedict haiioni mpaka uichemshe kwanza na asidi, na asidi hiyo lazima uiue kwa sodiamu haidrojeni kaboneti kabla ya kutia Benedict. Ukisahau, majibu yanabaki ya bluu nawe unaandika "hakuna sukari" kwenye maji ya miwa. Mrija wa majaribio uchemshie ndani ya chombo cha maji moto, na mdomo wake uuelekeze ambako hakuna mtu. Mwenzangu mmoja aliushika juu ya moto moja kwa moja, ukaruka, na koti lake lilibaki na doa hadi tunamaliza.

Sasa panya.

Pepa ya tatu ya Biolojia ni ya vitendo, na huko kupasua kunakungoja. Shuleni kwetu tulikuwa wanane kwa trei moja. Vijana wawili walikuwa wanapenda mkasi, wakawa wapasuaji wa kudumu. Mimi harufu ya klorofomu, dawa ya kuulia panya wa maabara, ilinishinda, nikajipa cheo cha karani wa kundi. Nasimama nyuma, naandika, kisha usiku wa prepo, saa za kujisomea, nachora vizuri nikiangalia mchoro wa tumbo la binadamu kitabuni, nikiamini tumbo ni tumbo. Mistari yangu ilikuwa inapendeza mpaka wenzangu wakaja kuazima daftari. Hivyo mwaka mzima.

Siku ya moku, yaani mtihani wa majaribio, nikakuta trei yangu peke yangu, panya wangu peke yangu, chali. Nikashika mkasi kama naushika wa kukatia kitambaa, ncha nikaielekeza chini, nikasukuma. Nilipita ngozi, nikapita nyama, nikapita utumbo. Kilichotoka sitakielezea hapa. Nilichokuwa nacho mbele yangu baada ya hapo kilikuwa uji, na swali linataka mchoro wa mfumo wa chakula wenye majina. Nikafanya nilichokizoea: nikafumba macho, nikachora panya wa daftarini. Tumbo, utumbo, ini zuri lenye mapande, na chini ya ini, kwa raha zangu, kifuko cha nyongo.

Karatasi iliporudi, kile kifuko kilikuwa kimezungushiwa wino mwekundu na pembeni neno moja: "Nionyeshe." Mwalimu akanipeleka maabara, akanipa panya mwingine aliyeshafunguliwa na kibano. "Haya mama, kitafute." Nikainua pande moja la ini, nikainua la pili, nikapekua mpaka jasho likanitoka. Yeye kakaa juu ya stuli, kimya. Mwisho akasema, "Panya hana." Na kweli hana. Nyongo yake hutoka kwenye ini ikapita kwenye mrija moja kwa moja hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, haihifadhiwi popote. Mtu yeyote aliyewahi kumfungua panya mmoja kwa macho yake anaweza kulijua hilo. Mchoro wangu wote ukapata sifuri, kwa sababu ulikuwa ushahidi kwamba sikuangalia.

Likizo ile niliwalipa watoto wa mtaani wanitegee panya. Mama akauliza kama anasomesha daktari au muuza mitego, akanifukuza jikoni na ubao wangu. Mwalimu aliposikia alinigombeza kuliko siku ya kifuko, na alikuwa na haki, usifanye nyumbani. Omba ruhusa, ingia maabara mchana shule ikiwa tulivu, na mtu wa maabara yupo. Kwenye kundi lenu dai zamu yako ya mkasi kuanzia wiki ya kwanza, hata kama kuna anayejifanya mrithi wa trei.

Namna yenyewe ni hii. Mlaze chali, mbane miguu kwa pini zilizolala kidogo upande ili zisikuzuie. Inua ngozi kwa kibano katikati ya tumbo mpaka isimame kama hema, kata tundu dogo, kisha panda na mkasi kuelekea shingoni huku ncha ya chini umeinyanyua juu. Ngozi ikishaachana na nyama ibane pembeni, halafu urudie yale yale kwenye ukuta wa tumbo, taratibu zaidi. Usikate kitu ambacho hujakijua jina. Damu ikitoka, ifute kwa pamba, usiimwagie maji juu juu. Ndipo uchore: mstari mmoja usiokatika, bila kutia vivuli, mistari ya majina isipishane, na kama utumbo wa panya wako umelala kushoto, mchoro nao ulale kushoto, hata kama kitabu kinasema vingine.

Na glavu usivue kwa sababu ya joto. Panya wa kukamatwa mtaani hubeba vimelea kwenye mkojo. Ile homa ya mgunda (leptospirosis) iliyozuka Lindi mwaka 2022 ni ya aina hiyo. Ukijikata na kisu cha kupasulia, sema hapo hapo, usifiche kwa kuogopa kusemwa. Ukipata homa siku chache baada ya praktikali, mwambie daktari kwamba ulishika panya, asihangaike na malaria peke yake. Dirisha la maabara lifunguliwe klorofomu ikitumika. Nywele zifungwe, shungi lichomekwe ndani ya koti. Usinuse chupa usiyoijua. Nawa kwa sabuni hadi viwikoni kabla hujamfuata mama wa mihogo getini, na lile koti ulifue peke yake, lisichanganywe na sare za wenzako bwenini.