Mkishachukua kombe: namna ya kuiandaa timu ya mtaa kwa msimu wa pili

Timu nyingi zinazoshindwa kutetea ubingwa huharibikiwa katika kipindi ambacho hakuna hata mechi moja. Ndiyo maana mwongozo huu nauandika mimi katibu na sio kocha. Kocha wetu anaujua mpira kuliko mimi, hilo halina ubishi, lakini nauli, posho, leseni, zawadi na ugomvi wa nani kala nini vyote vinaishia kwenye daftari langu. Timu yetu ni ya mtaani hapa Tanga, inacheza ligi ya wilaya na kila kombe la ndondo linalopita karibu. Tumewahi kuchukua, tumewahi kutetea, na tumewahi kuvuliwa. Na Tanga tunaijua kiu ya ubingwa: Coastal Union walibeba ligi ya nchi nzima mwaka 1988, na ukikaa kijiweni na wazee hadi leo watakutajia kikosi kile jina kwa jina.

Ninachosisitiza ni kimoja: mrithi wa mchezaji awe ndani ya timu kabla mwenyewe hajaondoka. Mengine yote hapa chini yanazunguka hapo.

Mfano hauko mbali. Simba walibeba Ligi Kuu mara nne mfululizo, mara ya mwisho msimu wa 2020/21. Kabla msimu mpya haujaanza, Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Biashara halali kabisa. Oktoba, kwenye michuano ya Afrika, Simba wakaifunga Jwaneng Galaxy 2-0 kule Botswana, wakarudi kwa Mkapa wakafungwa 3-1, jumla ikawa 3-3, wakatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini, na kocha Didier Gomes akaondoka siku chache baadaye. Ubingwa wa ligi ukaenda Jangwani kwa Yanga, ambao hawakupoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Chama alirudishwa Januari, lakini maji yalishamwagika.

Sasa tazama Yanga katikati ya 2023. Fiston Mayele kaenda Pyramids, kocha Nasreddine Nabi kaondoka, Feisal Salum kahamia Azam. Kwa hesabu za kijiweni walikuwa wamekwisha. Ila Aziz Ki alikuwa ameshakaa pale msimu mzima, akazoea wenzake na akazoea viwanja vyetu, kisha juu yake wakaongezwa Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli. Aziz Ki akamaliza mfungaji bora kwa mabao 21 na kombe likabaki palepale. Mimi ni Simba, kwa hiyo aya hii imeniuma kuiandika.

Wiki ya kwanza: malizeni pesa

Usiache zawadi ikalala. Pesa ya kombe ikikaa kwa mtu mmoja zaidi ya wiki, hata kama ni mwaminifu kama sheikh, wachezaji wanaanza kuhesabiana. Mgomo wa timu ya mtaa hautangazwi. Mtu anakwambia tu "mama katibu, leo mguu hauko sawa", na wiki ijayo mguu wa mwenzake nao hauko sawa.

Kaeni nahodha, kocha, mweka hazina na katibu. Kama mna akili, kaeni kabla ya fainali yenyewe, wakati hakuna anayejua kama pesa itapatikana, maana hapo kila mtu ni mpole. Lipeni madeni kwanza: bodaboda, maji, aliyetukopesha jezi. Kinachofuata ni fungu la msimu ujao, na mwisho ndio mgao. Tuseme mmepata milioni mbili. Laki nne ziende kwenye madeni, laki sita zibaki kwa ajili ya usajili na mipira, na milioni moja wagawane wachezaji 20, elfu hamsini kila mmoja. Golikipa wa akiba ambaye hakugusa mpira mashindano mazima apate elfu hamsini ileile. Huyo ndiye utakayemhitaji mwakani siku golikipa wa kwanza atakapopata kibarua bandarini.

Aliyefunga bao la fainali asiongezewe kitu kupitia daftari la timu. Wadau wakitaka kumtuza, wamtuze wenyewe mkononi. Na zawadi ikiwa mbuzi, achinjwe siku hiyohiyo. Mbuzi akilala kwa kiongozi, asubuhi kuna kesi.

Kabla mwezi haujaisha: orodha ya wanaoondoka

Chora safu tatu: wanaoondoka kwa uhakika, wanaoweza kuondoka, wanaobaki. Usiwaulize wao peke yao, kwa sababu mchezaji aliyetoka kubeba kombe atakuapia kwamba hatoki. Uliza nyumbani. Mama mzazi anajua kama mtoto ameitwa JKT, kama mjomba wake wa Dar amemtafutia kazi, kama chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi. Sisi timu za mtaa tunapoteza wachezaji wengi zaidi kwa maisha kuliko kwa timu kubwa.

Mkimaliza, tazameni safu ya kwanza na mjiulize anayeondoka alikuwa akifanya kazi gani, sio alikuwa na jina gani. Leicester City walichukua ubingwa wa Uingereza 2016. Jamie Vardy akabaki, Riyad Mahrez akabaki. Aliyeondoka ni N'Golo Kanté, kiungo mkabaji ambaye wapenzi wa mabao hawakumwona kama nyota. Msimu uliofuata Leicester walimaliza wa 12 na Claudio Ranieri akafukuzwa mwezi wa pili tu wa 2017. Kanté yeye akachukua ubingwa wa pili mfululizo, akiwa Chelsea. Kwa hiyo straika wenu asipoondoka msishangilie mapema. Ulizeni kwanza namba sita, yaani kiungo mkabaji wenu, anaenda wapi.

Kila jina la safu ya kwanza na ya pili liandikiwe jina lingine pembeni, la mtu ambaye tayari anakuja mazoezini. Kama pembeni hakuna jina, hapo ndipo usajili uanze.

Na kama mlibeba kombe kwa mamluki, yaani wachezaji wa kukodi, msijidanganye. Mamluki atakuwa kwa atakayelipa nauli nzuri zaidi mwakani. Wafuteni kwenye orodha kabisa, mhesabu waliobaki, na hao ndio timu yenu.

Usajili: wachache, na mapema

Ubingwa unavuta watu. Vijana waliokuwa wanatucheka wanakuja na viatu mkononi, kila diwani ana mpwa wake. Chukueni watatu, wanne wakizidi sana, na muwachukue kwa zile kazi ambazo kwenye daftari pembeni yake hakuna jina. Wageni kumi kwa mpigo wanazaa timu mpya, na timu mpya haina ubingwa wa kutetea.

Lakini pia msing'ang'anie wale wa zamani kwa shukrani tu. Misri walichukua Kombe la Mataifa ya Afrika 2006, 2008 na 2010 chini ya Hassan Shehata, jambo ambalo hakuna nchi nyingine imelifanya. Kizazi kile kilizeeka pamoja. Wakashindwa hata kufuzu mashindano ya 2012, wakashindwa 2013, wakashindwa 2015. Beki wenu wa miaka 34 aliyewapa kombe apewe heshima yake, apewe hata cheo kwenye benchi, ila kijana wa nafasi yake aanze kucheza naye sasa, dakika ishirini hizi, nusu ile, akiwa bado yupo wa kumfundisha.

Kuhusu mganga: kila baada ya kombe hutokea mtu anayesema ubingwa ulikuwa wake na anadai asilimia. Kwenye daftari langu hana safu.

Uwanjani: mmeshajulikana

Hapa namwachia kocha, nasema mawili tu. La kwanza, mwaka jana timu zilikuja kucheza na nyinyi, mwaka huu zitakuja kuwazuia. Algeria walikuwa mabingwa wa Afrika wa 2019 na walifika Cameroon kutetea kombe hilo, Januari 2022, wakiwa hawajafungwa mechi 34. Wakatoka 0-0 na Sierra Leone, wakafungwa 1-0 na Equatorial Guinea, wakafungwa 3-1 na Ivory Coast, wakarudi nyumbani wakiwa wa mwisho kwenye kundi. Kwa hiyo mechi zenu za kirafiki zichagueni kwa akili. Msialike timu inayofunguka ili mpige tano na watu wafurahi. Alikeni ile timu ya wabishi inayopaki basi, wote nyuma wanazuia, kwenye kiwanja chenye mchanga, mkae nayo dakika 90 mtafute njia. Kama silaha yenu ilikuwa krosi za winga wa kulia, kila mtu wilayani anaijua. Kocha awe na ya pili kabla ligi haijaanza.

La pili ni mapumziko. Waliocheza ligi, kisha kombe, kisha bonanza la kusherehekea kombe, wamechoka. Kataeni mabonanza. Mialiko itakuwa mingi na mingine ina mchele na soda, lakini goti likiondoka kwenye bonanza, gharama ya hospitali inarudi kwa katibu.

Mkianza vibaya

Mtaanza vibaya, au angalau mtafungwa mechi moja ambayo mtaa mzima ulishaihesabu. Jioni ile ile watakuja wazee wawili watatu kutaka kocha aondoke. Azam walibeba ligi 2013/14 bila kufungwa, wakimaliza msimu chini ya Joseph Omog. Msimu uliofuata wakatolewa na El Merreikh ya Sudan kwenye michuano ya Afrika, Omog akaondolewa, na ubingwa ukaenda Yanga. Sisemi angebaki wangechukua. Nasema uamuzi wa namna hiyo hautakiwi kufanywa na watu waliotoka kufungwa.

Kwa hiyo kabla ya ligi kuanza, itisheni kikao kimoja, mkubaliane kwamba kocha hajadiliwi mpaka baada ya mechi ya tano, na liandikwe kwenye muhtasari. Wazee wote watie sahihi. Nakala moja mimi huwa natembea nayo kwenye pochi siku za mechi, maana tukifungwa mapema wapo wanaosahau walichosaini.