Kupiga Kambi na Mbwa: Alale Ndani ya Hema

Wengi wetu tumekua tukijua kuwa mbwa ni mlinzi: anabweka getini, analala nje, asubuhi anapewa makombo. Ukienda naye kupiga kambi, fikra hiyo iache nyumbani. Porini wewe ndiye unayemlinda yeye. Chui humpenda sana mbwa kama kitoweo, fisi hatishwi na kubwekewa, na dume la nyani lina chonge zinazoweza kumpasua mbwa mkubwa. Mimi huenda na Bosko, mbwa wa kienyeji wa rangi ya kaki, kilo 20 hivi, na haya ndiyo ninayoyafuata.

Kwanza mahali. Mbuga za taifa zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haziruhusu mbwa, hata awe mpole vipi, hata ukimfunga kamba. Hell's Gate, Longonot, Amboseli, Tsavo, zote ziondoe kwenye mpango. Usibishane na askari wa getini, maana sababu ipo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takriban simba 1,000 kule Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa eneo lile, na wataalamu waliwatazama mbwa wa vijiji vya jirani kama chanzo. Nampenda mbwa wangu, na sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote.

Zinazobaki ni kambi za watu binafsi, kama zile za kando ya Ziwa Naivasha, na mashamba yanayopokea wageni wenye mahema. Piga simu mapema useme wazi kwamba unakuja na mbwa. Uliza kama wenyeji wana mbwa wao, na kama mbuzi na kondoo hupita hapo. Usafiri pia upange, kwa sababu matatu nyingi hazitambeba. Mlishe ikiwa imebaki masaa 3 au 4 kabla ya kuondoka, la sivyo atatapika njiani.

Kwa daktari wa mifugo nenda mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ni ya kwanza, ichomwe angalau wiki 3 kabla ya safari, na kadi uibebe. Muulize kuhusu chanjo ya distempa, dawa ya kupe na dawa ya minyoo ya tegu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kukisia kipimo.

Kisha mfundishe hema. Lisimamishe uani, weka ndani blanketi analolijua, mlale humo usiku kadhaa. Mkate kucha, zisije zikatoboa sakafu ya hema. Mbwa aliyezoea kulala nje atahema na kuzungukazunguka mwanzoni. Mwache azunguke, atatulia.

Kambini jambo kubwa ni kamba. Mvalishe mkanda wa kifuani, kwa sababu akishtuka na kuruka, kola ya shingoni humkaba au humvuka kichwa. Kola ibaki na kibati chenye namba yako ya simu. Mimi hufunga kamba ya nailoni kati ya miti miwili, kimo cha kiuno, na juu yake napitisha pete ya chuma. Kamba ya Bosko inafungwa kwenye ile pete, naye anatembea kutoka mti hadi mti pete ikiteleza juu, bila kujizongazonga kwenye shina. Kabla ya kumwacha hapo, ishike ncha ya kamba mwenyewe, uivute kila upande uone inafika wapi. Isifike motoni, isifike kwenye vigingi vya hema, isifike njia ya watu.

Jua likianza kuzama, mfungue hapo, mtembeze akojoe, kisha akae ubavuni pako. Naivasha viboko hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi alfajiri. Mzee mmoja anayelinda kambi huko aliniambia, "Kijana, usiku mbwa wako akibweka, mnyamazishe. Usitoke kuangalia." Ndivyo ninavyofanya: kamba mkononi, zipu ya hema imefungwa hadi chini. Akitaka kutoka usiku, washa tochi, angalia pande zote kwanza, na msisimame kati ya kiboko na maji.

Kuhusu chakula, hatari kubwa kwetu ni nyama choma yenyewe. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo, na kijiti cha mishikaki chenye harufu ya mafuta mbwa hukimeza kizima. Kachumbari ina vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Waambie wenzako mapema wasimrushie chochote. Mkichinja mbuzi, mapafu na maini mabichi asiyaguse kabisa: ndiyo njia ya yule tegu mdogo ambaye mayai yake, yakitoka kwenye kinyesi cha mbwa na kumwingia binadamu, huota mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Kule Turkana ugonjwa huu umetesa watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo zika kinyesi chake, mbali na maji, na nawa mikono.

Maji, beba yake. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1 hivi kwa siku, na kwenye joto fanya 2 au zaidi. Maji ya Ziwa Magadi na Ziwa Elmenteita ni ya magadi, asiyanywe. Na Magadi penyewe, kwa joto lake, mbwa mwenye pua fupi usimpeleke. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anategemea kuhema. Akihema kwa kasi bila kukoma, ufizi ukawa mwekundu sana, akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na kwapani, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Ndani ya gari lililofungwa usimwache hata kidogo.

Akiumwa na nyoka aina ya bafe, usichanje, usifyonze, usikaze kamba. Mbebe, asitembee, muondoke. Swila akimtemea sumu machoni, osha kwa maji mengi, kisha daktari. Binadamu aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Na majirani wa kambi uwafikirie. Wapo Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Weka sufuria zenu mbali naye, usimwachie apite kwenye mkeka wa mtu, na uwasalimie kwanza, uwaulize hema lako likae wapi.

Mkirudi, msake kupe kwa vidole: ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia. Wiki 2 au 3 zinazofuata angalia kama anakataa chakula, ufizi umepauka au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa. Ukiona hivyo usingoje kesho, na daktari mwambie mlikuwa wapi, hasa kama ni sehemu ya mbung'o, wale nzi wa malale, kama jirani na Shimba Hills, ili apime damu akijua anatafuta nini.