Waache wakwame kwanza: namna ninavyowafundisha walimu tarajali kufikiri kihisabati

Mwaka wangu wa kwanza wa ukufunzi, kila fumbo nililowapa walimu tarajali nililimaliza mwenyewe ubaoni. Wananakili, tunasonga mbele. Walipokwenda mazoezi ya kufundisha, nikaketi nyuma ya madarasa yao na kujiona mimi mtupu: mgongo kwa wanafunzi, chaki mbio, "mmeelewa?", "ndiyooo". Nilirudi nikabadili namna. Hii hapa, kwa mkufunzi mwenzangu anayetaka kujaribu.

Chagua fumbo moja la kipindi kizima, si mazoezi ishirini. Liwe linaanzika kwa kujumlisha tu, ili asiwepo wa kusema hajui pa kuanzia, na lisiwe na kanuni waliyokwisha kuikariri. Nilipendalo ni hili: ukijumlisha namba nzima mbili au zaidi zinazofuatana, zote kubwa kuliko sifuri, unaweza kupata namba zipi? Tisa ni 4 + 5, na pia ni 2 + 3 + 4. Kumi na tano ina njia tatu. Nane je?

Lifanye wewe kwanza, usiku wa kuamkia kipindi, mpaka ukwame. Usipokwama, huwezi kujua pa kunyamaza.

Darasani, dakika kumi za mwanzo kila mtu peke yake. Kisha vikundi vya watatu watatu. Wakiwa wanne, mmoja huwa abiria. Waandike kwa kalamu, kosa likatwe mstari mmoja tu ili lisomeke. Ufutio nimeupiga marufuku, maana unafuta kilekile ninachokitafuta.

Mtu atatangaza mapema kwamba namba shufwa hazipatikani. Usimsahihishe! Andika dai lake ubaoni, weka alama ya kuuliza, rudi nyuma. Muda si mrefu mwingine atasema 6 ni 1 + 2 + 3, na dai litafia mikononi mwao wenyewe. Baadaye watagundua kwamba 1, 2, 4, 8 na 16 zimegoma. Hapo ndipo wengi hufunga daftari: "Tumemaliza, ni vipeo vya 2." Ruwaza imewatosha. Mimi huwa na swali moja tu: "64 hujaijaribu kwa kila njia. Unajuaje kwamba haipatikani?" Halafu nanyamaza. Mara ya kwanza kimya kile kilinitesa mimi kuliko wao. Nilijikuta nahesabu vioo vya madirisha.

Kalamu zote zikisimama, toa swali dogo, si jibu lililovalishwa nguo za swali. Kwa mfano: "Chukueni namba tano zinazofuatana. Ile ya katikati ina uhusiano gani na jumla?" 4 + 5 + 6 + 7 + 8 ni 30, yaani 5 × 6. Basi idadi ya namba ikiwa witiri, jumla ni idadi hiyo mara namba ya katikati. Ikiwa shufwa, waoanishe ya kwanza na ya mwisho, kisha waingie ndani hivyohivyo: kila jozi ina jumla ileile, na jumla hiyo ni witiri siku zote. Kwa vyovyote, jibu litakuwa na kigawo witiri kikubwa kuliko 1, kitu ambacho vipeo vya 2 havina. Kikundi kimoja kilifika hapo kwa kupanga vizibo mezani kama ngazi, bila herufi hata moja ya aljebra. Nilikipa alama zote. Kuonyesha kwamba namba nyingine zote zinapatikana, hiyo ni kazi yao ya wiki.

Lakini mwalimu tarajali anakwenda kufundisha, kwa hiyo usiishie kwenye namba tupu. Mwambie atunge hadithi ya 1¾ ÷ ½. Kukokotoa hakumsumbui: anapindua, anazidisha, 3½. Hadithi ndiyo inayomvua nguo: "Kamba ya mita 1¾, watu wawili wagawane sawasawa." Huko ni kugawanya kwa 2. Mpe kamba na mkasi akate vipande vya nusu mita. Atapata vitatu, na robo mita itabaki. Sasa waache wabishane: jibu ni 3¼ au 3½? Ubishi huo usiukatishe hata kengele ikilia, mpaka mmoja aone kwamba robo mita ni nusu ya kipande.

Hatua nne za kutatua fumbo alizoeleza mwanahisabati George Pólya mwaka 1945, yaani kuelewa, kupanga, kutekeleza na kutazama nyuma, wengi huzikariri vizuri sana. Ya nne ndiyo yatima. Mimi huitengea dakika kumi za mwisho, kwa maandishi: nilikwama wapi, nini kilinikwamua, na mwanafunzi wangu atakwama wapi. Nusu ya alama iko kwenye ukurasa huo, la sivyo hawauandiki. Mmoja aliandika: "Dakika ishirini za kwanza nilijua mkufunzi amesahau jibu." Nilimpa alama zake, na sikumkanusha.