Kambi ya Likizo Inayotoa Wadai Haki

Ukitaka kambi yenu ya Juni itoe vijana wa kudai haki za watu wenye ulemavu, punguza semina. Mimi natembelea magongo, na semina nyingi nilizokaa hapa Mwanza tulinyamaza hadi posho.

Anza na mahali. Ufukwe unapendeza kwenye picha, ila mchanga wa ziwa unameza magurudumu ya kiti mwendo. Tafuta ardhi ngumu, isiyo na miamba (Ilemela utahangaika kidogo). Kabla ya kulipia, kagua choo: kiti kipite mlangoni, na pawe na pa kushika. Anayebana mkojo tangu asubuhi hana hamu ya mjadala. Michezo iwe jioni, na wenye ualbino wapate kofia pana na mafuta ya kukinga jua.

Wazazi wabaki nyumbani. Watagoma, shikilia hapohapo. Mwache kijana asiyeona achambue sato wake kwa vidole, miiba yote. Atachelewa kumaliza, lakini atamaliza mwenyewe.

Usiku kaeni duara, swali liwe moja: mwaka huu umezuiwa wapi? Taa imulike mikono ya mkalimani wa lugha ya alama, na taa ya akiba iwepo, maana umeme ukikatika viziwi wamefungiwa nje ya mazungumzo.

Hapo ndipo uwasimulie Camp Jened, kambi ya vijana wenye ulemavu iliyokuwa jimbo la New York, Marekani. Judith Heumann, aliyepata polio utotoni, alipita pale. Mwaka 1977 aliongoza wenzake kukalia ofisi za serikali San Francisco karibu wiki 4, wakidai kanuni za Kifungu cha 504 cha sheria ya Marekani ya 1973, kinachokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu kwenye huduma zinazolipiwa na serikali kuu, zisainiwe. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka ujumbe nje kwa alama kupitia madirishani. Kanuni zikasainiwa. Kisha uliza: hapa kwetu nani angeifanya kazi ile?

Siku ya mwisho chagueni jambo moja, ofisi moja. Tuseme ngazi za ofisi ya kata. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Pimeni ngazi kwa futi kamba, pigeni picha, andikeni barua. Waipeleke vijana wenyewe, na wasiondoke mapokezi kabla nakala yao haijagongwa muhuri wa kupokelewa.