Kakamega kwanza, Mfangano baadaye
Ukiunganisha msitu wa Kakamega na visiwa vya Ziwa Victoria kwa siku tatu, anza na msitu. Ingia na mwongozaji saa 12 asubuhi: ndege na kima wamechangamka, na mvua ya huko hupenda kunyesha alasiri. Chomeka suruali ndani ya soksi ndefu, maana siafu hukatiza vijia na hupanda mguuni kabla hujawaona. Kisha teremka hadi Luanda Kotieno, kando ya ziwa, vuka kwa feri hadi Mbita, ulale hapo. Mashua ya kwenda kisiwa cha Mfangano panda asubuhi, kabla upepo haujainua mawimbi, na jaketi la kujiokolea livae, usilikalie. Michoro ya kale ya miambani ya Kwitone, kisiwani humo, iko mlimani, kwa hiyo viatu vya msituni bado utavihitaji. Usioge ufukweni penye magugu; kuna hatari ya kichocho.